Kwa Nini Wanampenda Greda

Jumanne, 2 Julai

Mashuka tena. Loji imejaa. Wageni wanalala kwenye mashuka kana kwamba wanapigana nayo. Nimepiga pasi tangu ukungu haujainuka mpaka umeinuka na kurudi. Mgongo unauma. Ile meza ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye urefu wa kawaida, na mimi naiinamia kama twiga anayekunywa maji.

Jioni nilipita saluni kwa Magda. Mdogo wangu kaning'iniza televisheni mpya ukutani, sasa wateja wanakaa hata wakishamaliza kusukwa. Kaleta filamu kwenye flashi. Ya kizungu, imetafsiriwa na yule DJ anayewasemea watu wote kwa sauti yake moja. Habari za dansi la ukumbini, lile la kushikana kiuno na kuzunguka sakafu nzima, wanaume wamevaa makoti yenye mkia. Nilidhani nitasinzia. Sikusinzia.

Kuna mwanamke mrefu, mabega kama kabati, anaendesha lori la taka. DJ kampa jina Greda. Lori linamharibikia mbele ya ukumbi wa dansi, anaingia kuomba maji. Ndani kuna bingwa mfupi mwenye maringo, mwenzake wa kucheza naye kamkimbia wiki ya mashindano. Kichwani kavaa wigi. DJ anamwita hivyo hivyo, Wigi. Basi Wigi hana namna, anamfundisha Greda. Siku ya mashindano wigi linachomoka, linabaki mkononi mwa Greda mbele ya majaji. Greda analitazama. Analivaa yeye. Wanaendelea kucheza.

Saluni nzima ilianguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alicheka mpaka rola zikamtoka kichwani. Mimi nilicheka, kisha nikajikuta nalia kidogo. Hawashindi. Wanafukuzwa ukumbini. Wanamalizia dansi nje, mbele ya taa za lori.

Nimeipenda. Sijui kwa nini inaniuma.

Alhamisi, 4 Julai

Imewekwa tena. Magda anasema wateja wanaiomba wenyewe. Wanajua maneno yote ya DJ kabla hajayasema.

Leo niliwauliza. Filamu zimejaa, kwa nini hii? Mama mmoja muuza mitumba akasema, "Kwa sababu hawashindi. Zile za kushinda siziamini mimi. Nani anashinda?" Jibu zuri. Nilitaka kuendelea nalo. Msichana aliyekuwa anaoshwa nywele akasema kutoka kwenye beseni, "Mimi nampenda Greda kwa sababu ni mbaya halafu mwenyewe hajui."

Kicheko. Kisha macho yote yakanijia.

Magda ndiye aliyelisema. "Dada, jamani, si ndiye wewe huyu!"

Nilicheka nao. Usipocheka wanaongeza.

Jumapili, 7 Julai

Jina limetoka saluni. Limefika mpaka kijiwe cha bodaboda kabla yangu. Nimetoka kanisani, nimevaa vizuri tu, mmoja akapaza sauti, "Greda! Lori umeegesha wapi?" Wengine wakapiga honi. Mzee wa kanisa alikuwa nyuma yangu. Alijifanya anakohoa.

Nyumbani Mama alikuwa anapanga picha za harusi ya Magda, nani atasimama wapi. Magda anaolewa tarehe ishirini na saba na Fredi, dereva wa utalii, kijana wa maneno mengi na miwani ya jua hata kwenye ukungu. Mama akaniambia nikunje magoti kidogo wakati wa kupigwa picha, nisiwafunike watu. Aliniambia kwa Kiiraqw, kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kubeba sweta.

Mama alinizaa, akashtuka, na hajatulia mpaka leo.

Jumatano, 10 Julai

Magda kaja loji mwenyewe. Hajawahi. Kasimama kwenye mlango wa chumba cha dobi, kucha nyekundu, ananusa mvuke kama vile ni uvundo.

Anataka nicheze kwenye harusi yake. Lile dansi la kwenye filamu. Niwe Greda. Anasema watu watafurahi, itakuwa zawadi yangu kwake, na mwenzangu tayari amekubali: Bosco, fundi wa gereji ya njia ya Mbulu, yule anayetengeneza gari la Fredi.

Namjua kwa macho. Kila mtu anamjua. Kichwa chake kinanifika hapa, kifuani. Akiingia chini ya gari hahitaji hata kuliinua, ndivyo wanavyosema.

Nilikataa. Magda akaanza kulia. Machozi ya Magda yana bomba lake, nalijua tangu utoto. Akasema, "Dada, mimi nakutetea kila siku na hujui." Nikamuuliza ananitetea dhidi ya nani. Akaangalia kucha zake.

Nimekubali. Niseme ukweli, hakuna anayesoma humu. Sikukubali kwa ajili ya Magda. Nilikubali kwa sababu ya zile taa za lori.

Jumapili, 14 Julai

Mazoezi ya kwanza. Gereji imefungwa Jumapili, tukawa wawili tu, magari yamefunguliwa matumbo pande zote. Sakafu ina grisi. Bosco kamwaga pumba za mbao, akazifagia vizuri, akaegemeza simu kwenye tairi tuone wanavyofanya kwenye filamu.

Nilikuja nimejiandaa kuchekwa. Hakucheka. Ana mikono mizito na safi, kaisugua kwa sabuni ya unga mpaka imekuwa myekundu. Nikainama kama kawaida yangu. Akasimama.

"Ukiinama tutaanguka wote, dada Paskalina. Simama ulivyo. Mimi nitafika."

Sijawahi kuambiwa hivyo. Miaka thelathini na minne. Walimu, Mama, wapiga picha, wote inama, inama, rudi nyuma. Nikasimama. Shingo ililia kama bawaba.

Tulikanyagana vibaya sana. Nilimponda kidole. Akavua kiatu, akakitazama, akasema amepondwa na gia boksi mara mbili na hii ni ya tatu kwa ukubwa. Hilo nalo lilikuwa tusi. Lakini sikulisikia kama tusi.

Alhamisi, 18 Julai

Mazoezi. Mbele, pembeni, funga. Tunazunguka Landrova moja isiyo na injini. Leo hatukukosea mzunguko mzima.

Supavaiza kanigombeza kwa kuunguza foronya. Alikuwa na haki. Nilikuwa nahesabu dansi.

Jumatatu, 22 Julai

Manyunyu na baridi ya kukata masikio. Hatukucheza sana. Tuliketi kwenye viti vya mbele vya lile gari lisilo na injini, tukanywa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake. Tulikuwa tunatazama ukuta kana kwamba ni barabara.

Akanieleza habari za mke wake. Yupo Babati sasa, ana watoto wawili na mwanamume mwingine. Waliishi na Bosco miaka mitano bila mtoto. Ndugu zake Bosco walimtukana yule mwanamke, wakamwita mgumba, wakamfanyia maombi ya kelele. Siku moja Bosco akaenda kupima mwenyewe, kimya kimya. Ni yeye. Hana mbegu. Akamwambia mkewe peke yake na akamruhusu aende. Ndugu zake mpaka leo wanadhani mwanamke ndiye alikuwa na kasoro, kwamba huko Babati amepata dawa.

"Hakuna anayejua Karatu hii," akasema. "Sijui kwa nini nimekwambia."

Mimi najua kwa nini. Nikamshika mkono. Hakuuondoa.

Nampenda. Nimeandika na sifuti.

Alhamisi, 25 Julai

Gauni limekwisha. Kijani cha chupa, pindo refu. Fundi cherehani aliomba kitambaa cha nyongeza mara mbili na kila mara aligeuka kuficha uso. Nimelivaa mbele ya kioo cha dirisha usiku Mama akiwa ameshalala. Nimesimama nilivyo. Sikuchukia.

Saluni leo Magda na wenzake walikuwa wanatazama kitu kwenye simu. Nilipoingia, simu ikafunikwa. Magda akanikumbatia. Hajanikumbatia tangu tumzike Baba.

Kuna kitu. Nimeamua hakuna.

Jumapili, 28 Julai

Niandike yote, kisha nisiyafikirie.

Ukumbi ulijaa. Wakina Fredi, madereva wenzake, jirani, kanisa zima, shangazi kutoka Mbulu na Dongobesh. Baada ya keki, MC akatangaza kwamba dada wa bibi harusi ana zawadi. Muziki wa filamu ukapigwa. Watu walipiga kelele papo hapo, wameutambua. Bosco alikuwa amevaa koti lenye mkia, mkia kaushonea kwenye koti la kawaida na umepinda kidogo. Alikuwa mzuri. Nilitembea kumwendea na nikajisikia nina kimo changu halisi.

Tukaanza. Mzunguko mmoja, vizuri. Kelele zikapungua. Nakumbuka hilo kuliko mengine yote: kwa muda mfupi sana walikuwa wanatutazama tu.

MC akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, huyu kaka atambusuje? Leteni vifaa!"

Wakaingia vijana wawili wamebeba ngazi. Ngazi ya fundi rangi, imefungwa riboni. Ukumbi ukapasuka. Wakaiegemeza kwangu. Siyo karibu yangu. Kwangu, begani, kama mtu anavyoegemeza ngazi kwenye ukuta. Magda alikuwa amesimama juu ya kiti, anachukua video, shela limemteleza. Mama alikuwa anacheka. Mama yangu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge na mabega yanatikisika.

Nikamtazama Bosco nione kama ameshtuka kama mimi. Alikuwa anatabasamu. Aliweka mguu kwenye daraja la kwanza.

Hapo nikajua alikuwa anajua. Mazoezi yote, chai, mkono, yote yalikuwa njia ya kunifikisha kwenye ngazi.

Nilimpokonya MC kipaza sauti. Mkono wangu ni mrefu, hakuwa na pa kukimbilia. Watu wakanyamaza, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Nikasema, "Mnacheka ngazi ya nini? Apande, ashuke, ni kazi bure. Huyu hana mbegu. Mkewe hakuwa mgumba, mgumba ni huyu. Muulizeni."

Nilisikia jenereta nje. Kisha mmoja wa madereva akacheka, na baada yake wote. Walicheka kuliko walivyocheka ngazi. Sasa walikuwa wanamcheka yeye.

Shangazi yake Bosco alikuwa meza ya pili. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Bosco kama mtu anayesoma upya barua ya zamani.

Bosco akashusha mguu. Akaikunja ile ngazi, taratibu, akaitoa riboni, akaibeba begani mpaka nje. Hakunitazama.

Nilisikia raha. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Nilisikia raha tamu, kama maji baridi, mpaka nikafika nyumbani.

Jumatatu, 29 Julai

Video imeenea. Ipo kwenye kila grupu. Loji leo wapishi walinipigia makofi. Supavaiza, ambaye hajawahi kunitania, akasema, "Wewe mama hatari." Madereva wa utalii wanairudia ile sentensi yangu kwa sauti yangu.

Siyo Greda tena. Wananiheshimu. Kumbe ndivyo inavyopatikana.

Jumatano, 31 Julai

Magda kaja nyumbani kuchukua masufuria. Nilimpa bila kumsalimia. Akasema nimemharibia harusi. Nikamwambia harusi aliiharibu yeye na ngazi yake, na yule fundi wake mnafiki.

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Namjua Magda. Mshangao wa uongo ana mwingine.

"Bosco hakuwa na shida yoyote," akasema. "Nilimwambia wewe ndiye uliyebuni ngazi. Kwamba umetaka kuwawahi watu kabla hawajakucheka. Akasema basi kama dada Paskalina ametaka mwenyewe, sawa. Asingekubali vinginevyo, yule mtu wa ajabu. Ilibidi nimdanganye."

Alisema hivyo akipanga masufuria, dogo ndani ya kubwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri kidogo, nadhani kwa mara ya kwanza. "Watu walitaka kucheka, dada. Ni harusi."

Nikamwambia atoke. Akatoka na mifuniko yote.

Alitabasamu kwa sababu alidhani tuko pamoja. Alidhani ni mchezo wetu, mimi na yeye, dhidi yao.

Ijumaa, 2 Agosti

Nilikwenda gereji. Hayupo. Mwenye gereji hakutaka kuongea na mimi mbele ya vijana wake, akanipeleka kando. Bosco ameondoka Jumatatu asubuhi. Kaka yake mkubwa alimfuata kazini, wakasemezana nyuma ya magari. Kuhusu yule mwanamke wa Babati, jinsi walivyomtukana bure miaka ile na yeye Bosco akijua na kukaa kimya. Kaka yake alimtemea mate. Vijana wa kijiweni wamempa jina jipya, sitaliandika. Yupo Mang'ola sasa, anatengeneza pampu za mashamba ya vitunguu.

Lile gari lisilo na injini bado lipo. Kuna mtu ameweka katoni za vilainishi kwenye viti vya mbele.

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Mama nina mafua. Akaniletea chai kitandani na kukaa. Akasema hakujua ngazi ingeegemezwa kwangu, alidhani wataisimamisha tu. Halafu akasema, "Lakini ulikuwa umependeza." Nikageukia ukutani. Hakuondoka haraka.

Nimeiomba ile filamu kwa mama wa mitumba, anayo kwenye simu. Nimeitazama peke yangu. Katikati kuna sehemu ambayo tulikuwa hatuitilii maanani, watu huenda kukojoa. Wigi anamwambia Greda neno baya mbele ya watu, kwamba ananuka taka. Baya kweli. Greda anaondoka na lori lake. Muziki unabadilika, mvua inanyesha kidogo, Wigi anakimbia barabarani, na chai haijapoa wameshasameheana.

Ndiyo maana wanaipenda. Siyo kwa ajili ya dansi, wala kwa ajili ya Greda. Unaweza kumfanyia mtu ubaya wowote humo na kabla ya mwisho ubaya huo utafutwa. Mimi nami niliipenda kwa hilo, bila kujua kwamba nitalihitaji.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Magda na Fredi wamekuja kula. Magda alinipa mguu wa kuku. Nikaula. Hatukuzungumza habari ile. Fredi alianza kuirudia ile sentensi, Mama akampiga kwa mwiko. Kidogo. Lakini alimpiga.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekwenda Mang'ola.

Nilipanda gari la Noah la asubuhi. Unashuka bonde, sweta linakuwa mzigo, vumbi jeupe linaingia mpaka kwenye meno. Chini kule joto la tanuri, na mashamba ya kijani yamekatwa mraba mraba, na malori yanasubiri magunia. Sikuulizia kwa jina. Nilisema fundi wa pampu, wakanielekeza.

Alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji, pampu imefunguliwa mbele yake. Alinisikia akainua uso, akaushusha. Nikasimama. Hakuna kivuli pale. Nikasema yote niliyoyapanga ndani ya gari, kuhusu Magda, kuhusu uongo wa ngazi. Yalikuwa mengi, na yalipotoka yalikuwa machache. Nikasema nisamehe.

Akaendelea kufunga nati.

"Mdogo wako alinidanganya mimi, alikudanganya wewe. Hilo nimelielewa," akasema. "Lakini lile neno hakukupa yeye. Ulikuwa nalo."

Nikabaki pale kando ya mfereji.

Baadaye bomba la kuvuta maji likawa linamponyoka, linahitaji mtu wa pili. Alilitazama muda mrefu. Akasema, "Shika hapo." Nikashika. Akakaza klampu ya kulibana, akavuta kamba, mashine ikakohoa, ikawaka. Maji yakaja mazito, ya udongo, yakaingia kwenye mfereji mmoja baada ya mwingine. Mama mwenye shamba akapunga mkono kutoka mbali na kupaza sauti, asanteni, asanteni. Hakuna aliyemsahihisha.

Nikanawa mikono. Nikamwambia naondoka, gari la mwisho lisiniache. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa aliposema, bila kugeuka, nyuma ya kelele za ile mashine:

"Ukifika usinipigie."

Nikasema sawa.

Nimefika. Sijapiga.